Jioni Niliyoufunga Mlango wa Ukumbi

Wanangu, nimesikia mnataka kupanga chakula cha jioni chenye wachekeshaji hapa Garissa, na mmemtuma binti wa kaka yangu aniulize tulikuwa tunafanyaje. Yeye huniita eddo, yaani shangazi, na nyinyi niiteni hivyo hivyo. Nimestaafu, magoti hayataki tena kusimama tangu adhuhuri hadi isha. Lakini nilisimamia ukumbi wa hoteli moja hapa mjini muda mrefu sana. Kuna mabibi harusi niliowapangia meza, wakazaa, na mabinti zao nao nikawapangia.

Nitawaambia ninayoyajua. Kisha nitawaambia habari ya ile jioni watu walipokwama ukumbini, kwa sababu najua mmeisikia, na najua mmeisikia nusu.

Tuanze na mifupa. Mara ya kwanza kabisa tulipomwita mchekeshaji, kijana kutoka Nairobi, niliamua chakula kitoke yeye akiwa jukwaani, ili watu wale huku wakicheka. Niliona nimefanya jambo la maana. Tulikuwa tumechemsha mbuzi, na nyinyi mnajua watu wetu na mbuzi wa kuchemsha. Kijana akaanza kusema, na ukumbi mzima umeinamia sahani, watu wanafyonza uboho na kugonga mifupa mezani. Alidhani hapendwi. Akaongeza mwendo, akasema yake yote kwa haraka kama mtu anayefukuzwa, akashuka akiwa amelowa jasho. Wageni wakainua vichwa wakauliza, "Amemaliza?"

Meneja wetu, Mzee Barre, ndiye aliyenifundisha kazi hii yote. Aliniita pembeni. Yeye, kama wazee wetu wengi, P yake ilikuwa B. Akaniambia, "Dekha, mtu akiwa na mfuba kwa mdomo, atacheka na nini?"

Basi tangu siku ile, chakula kwanza. Sahani ziondoke zote, meza zifutwe, chai ya maziwa ya ngamia imiminwe, ndipo mchekeshaji apande. Watu waswali magharibi kabla ya kuketi, na mpangilio uache nafasi ya isha, la sivyo utaona nusu ya ukumbi inanyanyuka katikati ya mzaha na mchekeshaji atadhani ametukana mtu. Wazee wasikae mbele, maana mchekeshaji humchokoza aliye karibu. Wasikae nyuma pia, wataona wamedharauliwa. Wape ubavuni, karibu na mlango wa kwendea msikitini. Na ukae na mchekeshaji siku mbili kabla, akusomee anayotaka kusema. Atanuna. Mwache anune. Akigusa ukoo wa mtu, dini, au mke wa mtu, mwambie ayaondoe hayo, apande na mengine.

Mnajua wenyewe, baada ya yale mashambulizi ya bunduki, kwa nini mtu anayekusanya watu wengi mahali pamoja katika mji huu huanza kuogopa kabla hata ya kukodi viti. Sitaeleza. Mimi kabla ya kila hafla nililala nikiuzunguka ukumbi kichwani, nikiangalia nani anaweza kuingilia wapi. Wafanyakazi wetu waliotoka kaunti nyingine waliogopa zaidi, maana watu kama wao ndio waliotafutwa kwanza. Mutua, mpishi wetu kutoka Mwingi, aliniambia kwamba miezi yake ya kwanza hapa alilala na viatu miguuni. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, akichambua mchele.

Sasa jioni yenyewe.

Kulikuwa na msichana wa Elwak aitwaye Nasteho. Alisomea chuo hapa Garissa, na alikuwa akichekesha wenzake hadi walimu wakawa wanaingia kumsikiliza. Alichanganya Kisomali na Kiswahili, alivaa hijabu yake vizuri, na hakumtukana mtu. Mzee Barre alimsikia kwenye sherehe ya chuo akasema huyu tumpe jioni nzima. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke kusimama peke yake kwenye jukwaa letu. Wako walionung'unika. Nilidhani manung'uniko yataishia kwenye vikombe vya chai.

Siku tatu kabla, simu ya hoteli ikalia. Mimi ndiye niliyeipokea.

"Hoteli?" Sauti ya mwanamume, mtu mzima.

"Ndiyo, karibu."

"Ile siku ya kucheka. Ukumbi iko na milango ngabi?"

Nikadhani ni mgeni mwenye mzee asiyeweza kutembea vizuri. Nikamwambia mitatu: wa mbele, wa ubavuni, na wa nyuma unaotokea uani, karibu na jiko.

"Hiyo ya nyuma, inafunguliwa saa ngabi? Askari anasimama habo?"

Hapo nikashtuka. Nikabadili lugha, nikamuuliza kwa Kisomali yeye ni nani na wa wapi. Hakujibu kwa Kisomali. Akasema kwa kile Kiswahili chake, "Nauliza tu, mama," akakata.

Mtu ambaye ni wazi ni Msomali, anaulizwa kwa Kisomali, anakimbilia Kiswahili. Nilijiambia anaficha lafudhi ili nisijue ametoka upande gani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Barre, na yeye akaenda polisi. Wakaahidi askari wawili, mmoja wa kusimama mbele na mmoja wa kuzunguka.

Tulimwita Nasteho tukamweleza. Nilitarajia ataomba tuahirishe. Nilikuwa nikimwombea aombe.

"Eddo," akaniambia, "unaogopa?"

"Naogopa."

"Na mimi pia. Lakini nikiahirisha kwa sababu ya simu moja, mtu yeyote mwenye simu ataweza kuninyamazisha."

Mzee Barre akatoa amri zake. Mikoba yote ipekuliwe. Magari yaegeshwe mbali. Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu milango ilikuwa kazi yangu. "Dekha, milango yote mitatu ibaki wazi. Mtu mbaya akija, watu watoke. Ukiwafungia ndani, umemfanyia yeye kazi yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Nilikuwa nimeelewa. Nataka mlijue hilo.

Siku ikafika. Sikuwa nimelala siku mbili. Kila sauti ya nje ilikuwa yule mwanamume. Wageni wakaja, wengi kuliko tulivyotarajia: walimu, wafanyabiashara, wauguzi, familia nzima na bibi zao. Wakala, wakashiba, Mutua akasifiwa kwa wali wake na ndizi zake. Niliyaona haya yote lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule mlango wa nyuma. Yule askari wa kuzunguka alipita uani, akakaa kidogo, akaenda zake mbele. Kila alipoondoka nililiona lile giza la uani na mlango ulio wazi, nikasikia, "Askari anasimama habo?"

Chai ilipokuwa ikimiminwa niliingia jikoni. Ufunguo wa kufuli la uani ulining'inia kwenye msumari kando ya jiko, na Mutua ndiye aliyekuwa akiutunza. Alikuwa ameinama juu ya sufuria akiwa amenipa mgongo. Nikauchukua. Nikatoka uani, nikausukuma mlango wa nyuma wa ukumbi ukajifunga, nikavuta komeo kwa nje, nikatia kufuli. Ufunguo nikautia mfukoni mwa gauni langu. Nikazunguka hoteli kwa nje, nikarudi kupitia mlango wa mbele. Na wallahi nilipumua. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu nilipumua vizuri.

Sikumwambia mtu yeyote.

Nasteho akapanda. Akawasalimu watu, akaanza na nyumbani kwao. "Mama yangu akinipigia simu kutoka Elwak, huuliza kwanza kama mvua imenyesha huku. Halafu hunieleza habari za mbuzi, mmoja mmoja. Ndipo aniulize mimi. Mwezi ule mbuzi walipougua, mimi sikufikiwa." Watu walicheka. Bibi mmoja alipiga meza kwa kiganja. Nilianza kucheka na mimi.

Ndipo ukaja mshindo.

Ulitoka upande wa barabarani, mkubwa hata vikombe viligongana, na papo hapo taa zote zikazimika. Baadaye tulijua ni transfoma iliyokuwa kwenye nguzo mbele ya hoteli. Lakini hakuna hata mmoja ukumbini aliyefikiria transfoma.  Kisha mtu akataja jina la Mungu kwa sauti ya juu, na viti vikaanza kuanguka.

Mshindo ulikuwa mbele, kwa hiyo hakuna aliyetaka kwenda mbele. Mlango wa ubavuni nao ulitazama barabara. Ukumbi wote ukageukia nyuma. Nilimsikia Nasteho akipaza sauti bila kipaza sauti, "Kaeni chini, ni stima tu, kaeni chini," na sauti yake ikamezwa. Kisha nikasikia mlango wa nyuma ukigongwa. Kwanza viganja. Halafu mabega. Halafu mwanamke akisema, "Umefungwa. Umefungwa." Na watu wa nyuma yake hawakumsikia, wakaendelea kusukuma.

Mimi nilikuwa mlango wa mbele. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilitoka nje nikakimbia kuizunguka hoteli. Nilikuwa mama mzima wakati ule, nilikuwa sijakimbia tangu shule. Nilianguka mara moja kwenye mfereji wa maji machafu, nikainuka. Na nilipokaribia kona ya uani nikasikia chuma kikigonga chuma.

Mwanamume alikuwa amesimama mbele ya mlango na kipande cha nondo, akilipiga kufuli. Sikumjua. Mzee mwenye kikoi na kilemba, mwembamba. Alipiga mara tatu, nne, kufuli likaachia, akavuta komeo, na mlango ukafunguka kwa nguvu za watu waliokuwa wakisukuma. Walimwagika uani wakaangukiana. Yeye mwenyewe alisukumwa hadi ukutani, lakini nondo haikumtoka mkononi.

Askari wa kuzunguka alitokea kona ya pili na tochi. Alichokiona ni watu chini wakipiga kelele, na mwanamume asiyemjua amesimama juu yao na chuma.

"Weka chini," akasema. Nikasikia bunduki ikikokiwa.

Yule mzee hakuiweka. Nadhani hakuelewa anaambiwa yeye. Tochi ilikuwa machoni mwake, akainua mkono kujikinga, na mkono aliouinua ndio uliokuwa na nondo.

Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye kona. Aliyesema ni Nasteho. Alikuwa akiwatoa watu mlangoni mmoja mmoja, ameinua mtoto wa mtu begani. Alimwona yule mzee katika mwanga wa tochi, akapita katikati na mtoto huyo begani, akasimama mbele ya bunduki. "Usipige, afande. Ni baba yangu." Kisha kwa Kisomali, taratibu, "Aabo, iache hiyo. Iache ianguke."

Ikaanguka. Askari akashusha bunduki, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu muda wote huo, nimeushikilia wazi mbele yangu. Nikautazama. Nikaurudisha mfukoni.

Hakufa mtu, alhamdulillahi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Bi Sahara, alivunjika mkono. Wengine walichubuka. Tuliwapeleka hospitali waliohitaji, na waliobaki tukawaweka bustanini chini ya taa za magari yaliyoletwa karibu mpaka wakatulia.

Jikoni, Mutua alimtilia yule mzee chai. Ndipo tukajua sauti ya kwenye simu. Miaka miwili alikuwa hajasema na binti yake, tangu alipomwambia kwamba akitaka kuchekesha watu, asitaje anatoka nyumba gani. Kisha akasikia atasimama peke yake mbele ya mji. Alipanda lori la mifugo kutoka Elwak. Alitaka kuingia kwa mlango wa nyuma na kukaa mahali asipoonekana.

"Angeniona, ulimi wake ungekauka," alisema. "Nami nilikupigia kwa Kiswahili ili usinijue kuwa mtu wa Elwak ukamwambia." Aliukuta mlango umefungwa, akasimama nje akasikilizia ukutani.

Nasteho alikuwa ameketi chini karibu na miguu yake. Mzee akanywa chai yake, akamwambia, "Ile ya mbuzi si kweli. Mama yako huuliza habari zako kwanza."

Mngependa niishie hapo. Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo.

Asubuhi yake Mzee Barre alitukusanya wafanyakazi wote, akauliza nani aliufunga mlango. Hakufoka. Alimtazama kila mtu, mimi akanipita upesi, kwa sababu amri alikuwa amenipa mimi. Macho yote yakaenda kwa Mutua. Ufunguo ulikuwa wake. Jiko lilikuwa lake. Mutua akasema, "Mimi sikufunga," akanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

Jioni nilikwenda dukani karibu na nyumbani kwangu, mtaa wa Iftin, kununua sukari. Wanawake wawili walikuwa wakizungumza. Mmoja akasema mpishi wa hoteli, yule wa kutoka nje, aliwafungia watu ndani. Mwingine akauliza, "Kwa makusudi?" Mwenye duka, mtu mpole ninayemfahamu tangu utoto, akasema, "Vijana wanaulizana anakaa wapi."

Sukari niliiacha palepale kwenye meza ya duka. Wanangu, nilikuwa nimeogopa simu, nikaogopa giza, nikaogopa mshindo. Hofu hiyo ya dukani ilizidi zote, kwa sababu ilikuwa na dawa, na dawa ilikuwa mimi kufungua mdomo, na bado niliondoka pale bila kuufungua. Nilikwenda nyumbani. Nilipika chakula nikashindwa kula. Niliwaza kazi yangu, jina langu, na Bi Sahara na mkono wake. Kisha nikawaza mtu anayelala na viatu miguuni.

Kabla ya alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Mzee Barre. Nilimwambia yote. Alisikiliza akiwa amesimama na birika la kutawadhia mkononi. Akaliweka birika chini.

"Umeniambia mimi," akasema mwishowe. "Lakini si mimi niliyesukumwa kwenye mlango. Na si mimi wanayeniulizia nakaa wabi."

Basi nilikwenda. Kwanza kwa Bi Sahara, nikamwambia huku nikiutazama mkono wake uliofungwa plasta. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Toka nyumbani kwangu, Dekha," na nikatoka. Kisha kwa wale wanawake wa dukani, na mwenye duka, na vijana waliokaa barazani pake. Baada ya swala ya Ijumaa, Mzee Barre aliomba wanaume wasikilize, akawatangazia kwamba mlango ulifungwa na msimamizi wa ukumbi, mwanamke wa hapa hapa, kwa jina lake na jina la baba yake. Mimi nilikuwa nje kwenye jua, nimesimama pale kila mtu aweze kuniona akitoka.

Mutua nilimwendea mwisho. Nilipaswa kumwendea kwanza, najua. Alikuwa akikata vitunguu.

"Nilikuona ukiuchukua," alisema kabla sijaanza. "Niligeuka ukiwa mlangoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikungoja wewe useme." Akakata kitunguu kimoja, akachukua kingine. "Na ningesema mimi, nani angeniamini?"

Nilimwomba msamaha. Alisema ameusikia. Alifanya kazi hadi Idi, akatupikia Idi vizuri sana, kisha akaaga akaenda kwao Mwingi. Hakurudi. Sikufukuzwa kazi, lakini kwa mwaka mzima Mzee Barre alinipa meza tu, milango akaishika mwenyewe.

Nasteho alirudi jukwaani kwetu. Alinijia kabla, akanisomea aliyotaka kusema, na lilikuwemo la shangazi aliyeogopa mwizi hata akawafungia wageni pamoja na pilau. Aliniuliza kama naruhusu. Niliogopa. Nikamwambia aseme, na nikaomba meza ya mbele kabisa, pale nisipowaweka wazee.

Alisema. Watu walicheka, wengine wakinigeukia kuona nitafanya nini. Bi Sahara alikuwepo. Yeye hakucheka, lakini hakuondoka. Nilicheka kidogo, na nikiwa nacheka niligeuka kutazama jikoni. Mpishi mpya alikuwa amesimama pale na taulo begani, akicheka na wengine. Alikuwa kijana mzuri, mchapakazi. Hakujua kinachochekesha ni nini, wala nani alisimama pale kabla yake.